Kabla ya Kujenga Wodi, Mlipeni Mhudumu

Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Nairobi, imekuwepo tangu 1910, na mabanda ya Mathare yako jirani nayo. Bado wagonjwa wengi wa mabandani hawafiki huko, au hufika mara moja tu. Ndiyo maana wakazi huamua kuchanga wenyewe. Muuguzi wa afya ya akili anayezishauri kamati za michango amechagua maswali yanayomkera na kumtia hofu zaidi.

Tunahitaji milioni ngapi kujenga wodi?

Kamati kadhaa zimeuliza hivi, na zote zinapata jibu moja: msianze na jengo. Jengo huzinduliwa kwa shangwe, kisha hutiwa kufuli kwa kuwa hakuna aliyetengewa mshahara wa kulifungua.

Muuguzi anataja mfano wa Harare kila anapokutana na kamati. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda hakupewa chumba wala fedha. Katika mtaa wa Mbare alianza na nyanya 14 waliokaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, wakichambua shida moja baada ya nyingine mpaka mgonjwa aone pa kuanzia. Utafiti wa watu 573 ulichapishwa 2016. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 14 kati ya waliohudumiwa benchini, na asilimia 50 kati ya waliopata huduma ya kawaida.

Wanaosikia habari hii hukimbilia kusema kwamba kumbe tiba ni bure. Si bure hata kidogo. Nyanya wale walikuwa wahudumu wa afya wa jiji. Walifunzwa, na walikuwa na wasimamizi wa kuwapokea wagonjwa waliowazidi uwezo. Basi mchango ulipe posho ya mhudumu, mafunzo, muuguzi msimamizi, muda wa simu na nauli. Nauli isidharauliwe: kabla ya benchi hilo, Chibanda alimpoteza mgonjwa kijana aliyejiua, na familia yake ilikuwa imekosa dola 15 za basi la kumrudisha hospitalini.

Tusambaze picha za wagonjwa kwenye WhatsApp ili watu waguswe?

Hapana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Waonyesheni wachangaji risiti za dawa.

Mhubiri mmoja anaomba mchango huo, anasema ataponya kwa maombi. Tumpe?

Asipewe hata senti. Anayetaka kuombea wagonjwa aombee, lakini akiwaamuru waache dawa anawaumiza. Mwaka 2020 Human Rights Watch ilieleza jinsi watu wenye matatizo ya akili wanavyofungwa minyororo katika nchi karibu 60, Kenya ikiwemo, mara nyingine katika vituo vya maombi na vya waganga. Mkimwona aliyefungwa, pelekeni habari kwa afisa wa afya siku hiyohiyo.

Harambee moja kubwa haitoshi?

Haitoshi, kwa sababu dawa haina likizo. Mwenye kifafa anayetumia fenobabitoni huimeza kila siku, na akiikatiza ghafla anaweza kupata degedege mfululizo hadi kufa. Watu 200 wakitoa shilingi 100 kila mwezi, kamati ina shilingi 20,000 za uhakika. Muuguzi anazithamini kuliko hundi ya mgeni rasmi anayeonekana mara moja kwa mwaka.

Hii si kazi ya serikali?

Ni kazi yake. Kwa wastani, serikali duniani hutenga takriban asilimia 2 tu ya bajeti ya afya kwa afya ya akili. Chini ya Katiba ya 2010 zahanati ziko mikononi mwa kaunti, na makadirio ya matumizi hufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Nendeni kwenye vikao vya maoni mkiwa na daftari linaloonyesha wagonjwa wangapi walirudi bila dawa, dawa gani, na mwezi gani.

Nani ashike pesa?

Benki, kwa sahihi za watu watatu, na hesabu zibandikwe kwenye mlango wa zahanati kila mwezi.