Trela la Mwigizaji Unayempenda: Namna Ninavyolitazama

Mara ya kwanza litazame trela mbele za watu. Usijifungie chumbani na simu na hedifoni masikioni. Ukiwa peke yako moyo unakuhadaa: unauona uso wake tu, unachekelea, trela linaisha na hujui hata hiyo filamu inahusu nini. Ukiwa na watu, hasa wasiompenda kama unavyompenda wewe, utamsikia aliyecheka mahali pasipo na kichekesho, na utamwona aliyeanza kupiga soga na jirani yake kabla trela halijafika nusu. Huyo wa soga ndiye wa kumwangalia sana.

Kazi hii ya kutazama matrela nilijifunzia kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyesha filamu, vya hapa Segese. Kwa asiyepajua, Segese ni kata ya Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga, upande wa kutoka Kahama kuelekea Kakola, kwenye mgodi wa Bulyanhulu. Dhahabu imeleta watu wa kila kabila, na jioni wote walikutana kwenye mabenchi ya mbao chini ya turubai: mchimbaji aliyepanda kutoka duarani, kwenye shimo la dhahabu, na vumbi lake, muuza mchele, fundi baiskeli, watoto waliotoroka kazi za nyumbani. Jenereta lilinguruma nje, deki ilikuwa juu ya meza, runinga ilifungiwa kwenye sanduku la mbao lenye kufuli. Mwenye kibanda hakuanza filamu mpaka mabenchi yajae, kwa hiyo CD aliiacha ijiendee yenyewe, na mwanzoni mwa CD za Bongo Movie kulikuwa na matrela ya filamu zijazo. Ndiyo maana mashabiki wa rika langu tunayajua matrela kuliko filamu zenyewe. Filamu uliiona mara moja kwa kiingilio chako, lakini trela ulikutana nalo kila jioni, na waliochungulia kwenye matundu ya turubai waliliona bure.

Mwigizaji wangu alikuwa Steven Kanumba, na mpaka leo hajapata wa kumng'oa. Alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984, akaanza shule hukohuko, akaenda Dar es Salaam, akaingia Kaole Sanaa Group, tukamwona kwenye tamthilia za ITV, halafu kwenye filamu ya Johari akiwa na waigizaji wenzake Ray na Johari mwenyewe. Dar walikuwa na mastaa wengi wa kuchagua. Sisi tulikuwa na mtoto wa nyumbani, na hata bibi asiyekanyaga kibandani alijua kwamba yule kijana anayelia kwenye runinga ni ng'wana wa Shinyanga. Nalitaja hili kwa sababu hapo ndipo ugumu ulipo. Mwigizaji akiwa wa kwenu, unamtetea kabla hajashitakiwa.

Dawa yangu ni kuzima sauti. Ukishalitazama na watu, litazame tena bila sauti. Matrela yetu ya miaka ile yalijaa muziki wa kishindo, majina yakiruka kutoka huku na huku, mlango ukibamizwa, mtu akipiga kelele "Kwa nini mimi?" Kelele hizo zinaweza kumfanya hata mwigizaji mbovu aonekane ana jambo. Zima sauti, halafu usimtazame akisema. Mtazame mwenzake anaposema. Anasikiliza, au anasubiri zamu yake? Kwa kipimo hicho mimi naona Kanumba alikuwa bora zaidi alipoigiza na watoto kuliko alipovaa suti na kushuka kwenye gari kubwa. Katika This Is It na Uncle JJ, akiwa na wale watoto tuliowajua kwa majina ya Patrick na Jennifer, ule ubosi unamtoka. Mabega yanashuka, anainama afikie kimo chao, anacheka kama mtu aliyesahau kwamba kuna kamera. Kwenye filamu zake za mapenzi na utajiri, uso unajua unapendwa, na uso unaojua hivyo unachosha. Najua wenzangu watanirushia mawe, maana wengi walimpenda kwa hizo suti.

Kisha angalia nani kasimama naye. Kanumba alipocheza na Mercy Johnson katika Dar 2 Lagos, na baadaye na Ramsey Nouah katika Devil Kingdom ya mwaka 2011, mabishano ya kibandani hayakuhusu hadithi. Yalihusu kama mtu wetu atamezwa na Wanaijeria. Oprah ya mwaka 2008 ilituletea balaa jingine: Ray na Kanumba ndani ya filamu moja, na Irene Uwoya katikati. Kibanda kiligawanyika kama Simba na Yanga, na kila upande ulihesabu steringi wake, yaani mwigizaji mkuu, kaonekana mara ngapi kwenye trela. Hesabu hiyo haina maana. Tazama nani anaachiwa amalize sentensi. Mhariri wa trela huwakata wote, ila yule anayebeba filamu humwachia angalau neno moja likamilike na uso ubaki pale kidogo. Ukimpata huyo, umeshaijua filamu ni ya nani, hata kama kava lina sura nyingine kubwa zaidi.

Ukiliona trela linaanza kukusimulia hadithi nzima, lizime. Sitanii. Ugonjwa huu haujaanzia Dar es Salaam. Terminator 2 ya mwaka 1991 iliandikwa ili mtazamaji amwogope Arnold mpaka agundue kwamba safari hii amekuja kumlinda mtoto, lakini matangazo ya filamu yakaitoa siri hiyo mapema. Mwaka 2015 wakarudia kosa lilelile: trela la Terminator Genisys lilionyesha John Connor amegeuzwa mashine, jambo lililokuwa siri kubwa ya filamu. Upande wa pili wako wanaodanganya kwa makusudi. Trela la Avengers: Infinity War lilimwonyesha Hulk akikimbia na wenzake vitani Wakanda, na kwenye filamu hayupo katika mbio hizo. Mimi nawapenda waongo hao kuliko wale wasema kweli, maana wanakuachia kitu cha kukuta mbele. Kwa Bongo Movie nina alama yangu. Filamu zetu ziliuzwa vipande viwili, cha kwanza na cha pili, na trela likiishiwa maneno lilichota kwenye kipande cha pili. Kwa hiyo nikiona kitanda cha hospitali chenye dripu, nafunga macho mpaka kipite. Hospitali kwenye filamu zetu ndiko hadithi inakoenda kuishia.

Suala la bando tulimalize haraka. Siku hizi matrela yako YouTube, na mtandao wetu una siku zake. Lipakue usiku ukiwa na kifurushi cha usiku, litunze kwenye simu, ulitazame kwa utulivu kesho yake. Trela linalokwamakwama huwezi kulihukumu.

Sasa nije kwenye lililo gumu zaidi, yaani trela la mtu aliyekufa. Kanumba alifariki usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, Jumamosi ya mkesha wa Pasaka, akiwa na miaka 28, akazikwa Kinondoni tarehe 10. Filamu yake Love & Power ilitoka akiwa ameshazikwa. Tangazo la "inakuja hivi karibuni" kwa mtu ambaye mazishi yake umeyaona kwenye taarifa ya habari halifanani na trela jingine lolote. Watu waliokuwa wakimzomea kwa kulia sana sasa walikuwa wakimwambia jirani anyamaze. Kila neno lake likageuzwa kuwa utabiri. Akisema "naondoka", kibanda kinaguna. Akiaga mlangoni, kuna mtu anatoka nje.

Ushauri wangu hapa ni wa kikatili kidogo: usimtafutie wasia. Yale maneno yaliandikwa na mtu mezani, yakakaririwa, yakarudiwa mbele ya kamera mpaka mwongozaji akaridhika. Ukiligeuza trela kuwa msiba, unamnyima jamaa haki yake ya mwisho, ambayo ni kutazamwa kama mtu aliyekuwa kazini. Tazama kazi. Sauti yake imetulia kuliko zamani? Anategemea machozi kwa kiasi gani? Nikilinganisha na filamu za kina Johari, namwona mtu aliyekuwa anapunguza mbwembwe kidogokidogo, na hilo linaniuma kuliko maneno yoyote ya kuaga, kwa sababu alikuwa bado anajifunza.

Ukishampoteza mwigizaji wako, usiyafanye matrela ya wengine kuwa usaili wa kumpata mrithi. Mwigizaji Gabo Zigamba ameonewa sana kwa mtindo huo. Wakati Kanumba anaujaza uso mpaka pembeni, Gabo anauacha mtupu na kukuachia wewe kazi ya kuujaza. Kuwapima kwa rula moja ni kumkosa kila mmoja. Nilipowaonyesha jamaa wa kijiweni trela la filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, swali la kwanza lilikuwa, "Steringi nani?" Trela lenyewe linakupa Zanzibar kwanza, kuta na vivuli na sura zisizojulikana huku kwetu. Nikawaambia wangoje. Aliyengoja akapenda, na aliyedai steringi akarudi kwenye drafti yake.

Na ukitaka kutoa maoni, sema jambo moja lenye mwili. Kusema "Moto sana" hakumsaidii mtu. Sema "pale alipoishika simu bila kuipokea nimemwamini", au "ile ngumi imepita mbali na shavu". Kisha andika ubashiri wako mahali, useme filamu itaishaje, uje ujisute au ujisifu baada ya kuiona. Mimi huandika nyuma ya daftari la madeni ya duka, na wateja wamezoea kunisomea.

Ninalo ombi pia. Matrela mengi ya enzi za Kanumba yaliishi mwanzoni mwa CD za filamu za watu wengine. Waliozihamishia kwenye flashi na memori kadi mara nyingi waliyakata ili kuokoa nafasi, filamu ikabaki na trela likapotea. Ukiwa na CD za zamani za Bongo Movie kwenye kabati, Kahama, Geita au popote ulipo, usizifanye vioo vya kufukuza ndege shambani. Tafuta deki inayofanya kazi, iache CD ijiendee yenyewe kabla ya kubonyeza kitu chochote, na ukilikuta trela, lihifadhi mara mbili.