Gazeti likiwa mdomo wa dhalimu: somo kutoka Uganda ya Amin

Ndugu Waislamu, mwezi uliopita nilikuwa nafundisha hapa Tarime mada ya kuthibitisha habari, Suratul Hujurat aya ya 6. Mwanafunzi mmoja akauliza: "Ustadhi, kwa nini Idi Amin asemwe vibaya, naye alikuwa Muislamu mwenzetu? Si uzushi wa magazeti ya Kizungu?"

Darasa likanyamaza. Dawati la pili alikaa kijana wa Mugumu, Serengeti, ambaye babu yake alikwenda vita ya 1978-79 asirudi.

Swali hilo halikuwa la utovu wa adabu. Ni kweli magazeti huzua. Basi tuyatazame magazeti ya Uganda ya Amin mwenyewe.

Amin alitwaa madaraka kwa mtutu wa bunduki Januari 25, 1971. Kampala kulikuwa na gazeti la Uganda Argus, lililoanzishwa 1955. Mwishoni mwa 1972 likawa gazeti la serikali yake, likaitwa Voice of Uganda, yaani Sauti ya Uganda. Jina zuri, lakini sauti yenyewe ilikuwa ya mtawala.

Gazeti jingine lilikuwa Munno, la Kanisa Katoliki, kwa Kiluganda. Mhariri wake, Padri Clement Kiggundu, aliuawa Januari 1973. Maiti yake ilikutwa katika gari lake lililoteketezwa.

Atasema msomaji: huyo alikuwa padri. Sawa. Mwezi huohuo aliuawa Shaban Nkutu, Muislamu, aliyekuwa waziri wa Obote. Askari walimkamata Jinja, na maiti yake ikatupwa mto Nile. Utawala ukatangaza kuwa amekimbilia Tanzania! Nani angeuliza ukweli wa habari ile? Gazeti la serikali lisingethubutu, na yaliyompata mhariri wa Munno kila mwandishi aliyajua. Mabaki ya Nkutu yalizikwa kwa heshima mwaka 2005, baada ya miaka 32.

Tunajifunza nini?

Kwanza, dhalimu haulizi dini ya anayemuua. Padri na Muislamu waliuawa mwezi mmoja.

Pili, gazeti linaloishi kwa fadhila za mtawala haliwezi kumuuliza maiti iko wapi. Likinyamaza, uongo wake ndio unakuwa habari.

Tatu, na hili ni letu. Suratun Nisaa aya ya 135 inatutaka tusimamie uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Basi gazeti la Waislamu likimkosoa kiongozi Muislamu kwa haki, tusilirushie mawe. Tukitaka litetee kila mwenye jina kama letu, tutakuwa tumeanzisha Voice of Uganda yetu wenyewe.

Niliporudi darasani nilimjibu mwanafunzi wangu hivyo. Hakubisha. Aliuliza tu kama kina Nkutu walisaliwa. Yule kijana wa Mugumu akasema: "Ustadhi, na babu yangu je?"

Tukainua mikono, tukawaombea dua wote waliodhulumiwa.

Wabillahi tawfiiq.