Msikiti Katikati ya Mashamba ya Mahindi

Mtume wetu (S.A.W.) alipofika Madina alijenga msikiti, na nguzo zake zilikuwa magogo ya mitende. Haukuwa wa sala peke yake: humo watu walisomeshwa dini, wageni wakapokewa, na mambo ya umma yakafanyiwa mashauri. Leo twataka ndugu zetu wautazame msikiti mmoja wa mbali, ambao watu wake wameirejea kazi hiyo.

Katika jimbo la Ohio, nchi ya Marekani, pana mji wa viwanda uitwao Toledo. Waarabu wa Shamu waliohamia huko walijijengea msikiti mwaka 1954. Waislamu wa nchi nyingine walipozidi, msikiti ukawa hauwatoshi. Ndipo walipotoka nje ya mji, wakajenga huko Perrysburg, penye mashamba ya mahindi, kando ya njia kuu ya magari. Wakaufungua mwaka 1983. Aliyeuchora ni Talat Itil, Mturuki, kwa hiyo una kuba kubwa na minara miwili myembamba yenye kimo cha futi 135, kwa mtindo wa misikiti ya Istanbul. Pamoja na ukumbi wa sala mna madarasa na maktaba.

Lakini kuba na minara havikuzuia shari. Mwezi wa Septemba 2001, baada ya mashambulio ya New York na Washington, risasi ilipasua kioo chake cha rangi. Majirani wengi wasio Waislamu wakaja, wakashikana mikono, wakauzunguka msikiti. Mwaka 2012 mtu mmoja akaingia na kutia moto zulia la sala. Mwaka uliofuata mahakama ikamfunga miaka 20. Wenyewe wakautengeneza, wakaendelea kusali.

Basi tuzingatie. Sura ya Tawba, aya ya 18, yatufahamisha kuwa wenye kuimarisha misikiti ni watu wa imani, sala na zaka. Haikutaja chokaa wala mawe. Hapa kwetu pwani adhana hujibizana mtaa kwa mtaa. Je, ni misikiti mingapi ambayo sala ikisha mlango hufungwa, pasiwe na darasa hata moja? Twachanga fedha za rangi na taa, na mwalimu wa watoto wetu hana mshahara!

Wao ni wachache na wageni. Sisi tuna udhuru gani? Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.