Raba Miguuni, Ngome Machoni: Vidokezo 9 vya Kukimbia Bonde la Dordogne

Kusini-magharibi mwa Ufaransa kuna mto uliojikunja kama chatu aliyeshiba, na kila ukiinua macho unakuta ngome imekaa juu ya jabali ikikutazama. Huo ndio mto Dordogne, na eneo lenyewe ni Périgord Noir, yaani Périgord Nyeusi, jina lililotokana na misitu yake mizito ya mialoni. Unasoma Bordeaux? Umemtembelea shangazi huko wakati wa likizo? Basi tia raba begini, panda treni ya moja kwa moja hadi Sarlat, na baada ya karibu saa tatu utakuwa umefika kwenye njia tamu kuliko zote nchini humo. Haya, funga kamba twende.

1. Acha kuhesabu kilomita, hesabu jasho

Hiki ndicho kidokezo mama, hata ukisahau vingine vyote. Kilomita ya bondeni na kilomita ya kupanda ngome ya Beynac haziko daraja moja. Wafaransa wanaokimbia milimani wana hesabu yao nyepesi: kila mita 100 za kupanda huongezwa kama kilomita moja ya tambarare. Kwa hiyo mzunguko wa kilomita 12 wenye mita 400 za kupanda, mwili wako utaulipia kama kilomita 16. Fanya hesabu hiyo kabla ya kutoka, ndipo ujue ubebe maji kiasi gani na umwambie nani utarudi saa ngapi.

Mwinuko usikutie hofu, lakini. Mji wa Iten kule Kenya, wanakonolewa mabingwa, uko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari; vilima vya hapa havifiki hata mita 400. Pumzi utakuwa nayo. Kazi iko kwenye mapaja, kwa sababu vilima hivi ni vifupi na vimesimama wima kama ngazi ya mnara. Ukishindwa kusema sentensi nzima bila kuhema, tembea. Wakimbiaji wakubwa wa milimani hutembea kwenye mwinuko mkali, tena kwa mikono juu ya mapaja, na bado wanashinda.

2. Soma rangi kwenye miti

Simu itaishiwa chaji, rangi haiishi. Mistari miwili, mweupe juu na mwekundu chini, ni alama ya njia ndefu za kitaifa ziitwazo GR. Ile inayopita bonde hili ni GR 64. Mstari wa njano peke yake ni njia fupi ya matembezi, mara nyingi mzunguko unaokurudisha ulikoanzia, na hizo ndizo rafiki wa mtu mwenye asubuhi moja tu. Ukiona alama ya msalaba, umepotea njia: geuka. Na ukikimbia dakika kumi bila kuona rangi yoyote, rudi mpaka kwenye alama ya mwisho. Usijipe moyo kwamba "itatokea tu mbele."

3. Ngome ndiyo iwe saa yako

Hapa ndipo utamu ulipo. Badala ya kujiambia "leo kilomita kumi", jiambie "leo ngome mbili." Anza kijijini Beynac, ukingo wa kaskazini, ambako ngome imening'inia juu ya jabali kiasi cha mita 150 kutoka mtoni. Panda polepole kupitia vichochoro vya mawe, vuta pumzi kileleni, kisha tazama ng'ambo: ile pale ni Castelnaud, jirani na adui wa zamani. Wakati wa Vita vya Miaka Mia kati ya Ufaransa na Uingereza (1337–1453), Beynac ilishika upande wa Wafaransa, na Castelnaud mara nyingi ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Mto ulikuwa mpaka. Leo unavuka daraja kwa raba, hakuna anayekurushia hata kokoto! Mitambo ya kurushia mawe imeundwa upya na kusimamishwa Castelnaud kwenye jumba la makumbusho ya vita vya zama hizo.

Miguu ikikubali, endelea kilomita chache magharibi, katikati ya malisho na msitu, hadi kasri la Milandes. Hapo aliishi Josephine Baker, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa mwaka 1906 na kuja kutikisa majukwaa ya Paris, kisha akawa mpelelezi wa wapiganaji waliopinga Wanazi. Alilea humo watoto 12 aliowaasili kutoka mataifa mbalimbali. Mwaka 2021 Ufaransa ilimweka Panthéon, nyumba ya mashujaa wake, mwanamke Mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo. Mimi nasema Milandes pekee inatosha kuwa sababu ya kufunga safari. Simama, tembea bustanini, halafu urudi mdogo mdogo.

Mbinu ya haraka: chagua ngome unayoiona kwa macho, kimbia mpaka ifichwe na miti, tembea mpaka ionekane tena. Mazoezi ya kubadili mwendo umeyapata bila kugusa saa.

4. Kushuka kuna adabu yake

Wengi huumia wakishuka, si wakipanda. Mawe ya huku ni chokaa, na yakilowa huteleza kama sabuni. Ongeza majani ya mwaloni juu yake wakati wa Oktoba na una kazi. Piga hatua fupi na za harakaharaka, magoti yalegee kidogo, mikono iachie kama ya mtu anayetafuta mizani kwenye ukuta mwembamba. Macho yatazame hatua tatu au nne mbele, yaache vidole vya miguu.

5. Malishoni wewe ni mgeni

Njia nyingi hupita katikati ya malisho ya ng'ombe. Lango ulilolikuta limefungwa lifunge nyuma yako; lililo wazi liache wazi. Uzio wa umeme una mpini wa plastiki: shika hapo tu, fungua, pita, rudisha. Ukimkuta ng'ombe na ndama, acha kukimbia, zunguka mbali, na kamwe usipite katikati ya mama na mwanawe. Jambo jingine dogo lenye faida kubwa: nyasi za asubuhi zina umande wa kulowesha soksi ndani ya dakika tano. Beba jozi kavu mfukoni. Malengelenge hayataki mjadala.

6. Maji? Nenda makaburini

Usishtuke. Makaburi ya vijiji vya Ufaransa kwa kawaida huwa na bomba, la kumwagilia maua ya marehemu, na watembea kwa miguu wa huko wanalijua siku nyingi. Ingia kwa heshima, bila muziki, jaza chupa yako, toka. Ukiona kibao cha "Eau non potable", maji hayo ni ya kunawa tu. "Eau potable" ni ya kunywa.

Dukani usitegemee sana: vijijini maduka mengi hufungwa kuanzia kama saa sita na nusu mchana hadi saa nane au zaidi, na Jumapili alasiri ni kimya kitupu. Nunua mapema.

7. Chagua saa, bonde litakulipa

Julai na Agosti joto linaweza kupanda mno, kwa hiyo ama utoke alfajiri, ama usubiri jioni. Mwezi Juni jua huzama karibu saa nne usiku, nafasi unayo tele. Lakini ukiniuliza mimi, msimu bora ni vuli. Asubuhi ukungu hujaa bondeni kama maziwa kwenye bakuli. Unapanda kuelekea Domme, mji wa ngome uliojengwa kuanzia mwaka 1281, huoni mita ishirini mbele. Unafika juu, jua linatoka, na chini yako ni wingu tupu. Hakuna medali inayozidi hiyo.

8. Vaa rangi inayopiga kelele

Vuli hiyohiyo ni msimu wa uwindaji, kwa kawaida kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari, na msituni kuna watu wanaotafuta nguruwe mwitu. Vaa kizibao cha rangi ya chungwa au njano kali, toa vidude vya muziki masikioni. Ukikuta kibao cha "Chasse en cours", maana yake uwindaji unaendelea: geuza njia siku hiyo, msitu hauhami.

Kupe nao wanasubiri kwenye nyasi ndefu. Ukirudi, jikague nyuma ya magoti, kiunoni na kwapani. Famasi huuza kindoano cha kuwang'olea. Usiwapake mafuta wala kuwachoma kwa kiberiti. Baadaye ukiona duara jekundu linatanuka kwenye ngozi, nenda kwa daktari bila kuchelewa, kwani kupe huleta ugonjwa wa Lyme. Kwa dharura yoyote njiani namba ni 112, na ujue jina la kijiji ulichopita mwisho.

9. Sema "bonjour", na uweke siku ya tambarare

Kwetu mtu hapiti bila salamu, na kijiji cha Ufaransa kina mila hiyohiyo. Mwambie "bonjour" kila unayekutana naye, awe mzee na mbwa wake au mama anayepalilia. Salamu moja hukupatia maelekezo ambayo ramani haina.

Na kesho yake, mapaja yakigoma kushuka ngazi, usiyalazimishe. Kutoka Sarlat kuna njia ya lami laini iliyotandikwa palipokuwa reli zamani, zaidi ya kilomita 20 kuelekea Cazoulès, bila magari na karibu bila kilima. Kimbia nusu saa ya kulainisha misuli, inatosha kabisa.

Soko la Sarlat ni Jumatano na Jumamosi asubuhi. Panga mbio zako ziishie hapo, na ununue keki ya jozi ingali freshi.