Somo: Katibu Muhtasi Mkuu wa Idara Hospitalini

Tukichangia hospitali, mara nyingi tunafikiria vitanda na dawa. Tumkumbuke pia katibu muhtasi mkuu wa idara. Mgonjwa wa Selian, Ngaramtoni, akipewa rufaa kwenda KCMC, Moshi, barua isiyo na majibu ya vipimo huweza kumfanya apimwe upya na kulipa mara ya pili. Katibu huhakikisha barua imekamilika, daktari amesaini, na nakala imebaki failini.

Pia hutunza siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa hiyo tunashauri kamati za sharika zinazotaka kumsaidia muumini zimwombe kwanza mgonjwa ridhaa yake, wala zisimlaumu katibu akinyamaza.

Kwa majadiliano: bajeti yetu imetenga nini kwa mafunzo ya makatibu?