Pamba Isiyovunwa Shambani



Hapa Ngulyati ukitaja pamba, kila mtu anawaza shamba, mizani na bei ya kilo. Lakini neno hilo lina maana nyingine ya zamani: chakula cha msafiri. Kwa Kilatini ni viaticum, masurufu ya njiani. Ndiyo maana Komunyo anayopewa mtu aliye katika hatari ya kufa huitwa pamba ya safari. Mkumbuke nabii Eliya: alikula mkate alioletewa na malaika, akatembea siku 40 mpaka Horebu (1Fal 19).

Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, uliagiza anayekufa asinyimwe pamba hiyo. Sheria ya Kanisa ya leo (kan. 922) inataka isicheleweshwe, mgonjwa aipokee akiwa bado na fahamu zake.

Hapo ndipo tunapokwama. Tunaogopa kumwita padre, eti mgonjwa atakata tamaa. Tunakuja kumwita wakati babu hawezi tena kumeza hata maji. Wengine hudhani Mpako wa Wagonjwa ndio sakramenti ya mwisho. Hapana. Mpako mtu anaweza kuupokea mapema, akianza kuugua sana. Anayeondoka huagwa kwa Ekaristi.

Basi kijana, kama nyumbani kuna mgonjwa mahututi, wewe ndiye mwenye simu na baiskeli. Mwambie katekista leo leo, siyo kesho. Msafiri hufungiwa chakula kabla basi halijaondoka.