Asali Iliyoganda

Mnunuzi aonapo asali imeganda chupani mfano wa samli, mara hushuku kuwa imechanganywa na sukari ya dukani. Mfuga nyuki hupoteza mteja naye hana kosa.

Asali ni mmumunyo uliobeba sukari nyingi kupita kiasi ambacho maji yake machache, takriban asilimia 17 hadi 20, yaweza kushika daima. Sukari kuu ni mbili, fruktosi na glukosi. Glukosi ndiyo nzito kuyeyuka. Hujitenga polepole ikawa fuwele, hasa katika joto la sentigredi 14 hivi. Kwa hiyo asali ile ile ya Tabora yaweza kuganda upesi majira ya baridi huko Njombe, lakini Dar es Salaam ikachelewa sana.

Kuiyeyusha si kazi ngumu, ila yataka subira. Chupa, kifuniko kikiwa kimelegezwa, huwekwa katika sufuria ya maji ya sentigredi 40 hivi, iliyokwisha kuepuliwa motoni. Maji yapoapo hubadilishwa, hata kwa saa kadhaa. Apikaye asali ili awahi huharibu vimeng'enya vilivyotiwa na nyuki, na huzidisha hidroksimethilifurfurali, kemikali itokanayo hasa na fruktosi. Kwa kemikali hiyo maabara hutambua asali iliyounguzwa: kanuni za kimataifa za Codex huruhusu miligramu 40 tu katika kilo moja, au 80 kwa asali ya nchi za joto.

Fuwele zote ziyeyuke kabisa, kwani chache zisaliazo huwa mbegu ya mgando mpya.